Taa Ndani ya Piano

Saa mbili na robo asubuhi, mvua ikigonga mabati ya kituo, Sajenti Nkirote alikuwa na muda wa mpaka saa nane mchana kujua kama fundi wa piano aliyeketi mbele yake ni mwizi, au ni mtu aliyeandamwa na mteja mbaya. Saa nane kamili mtu huyo angesimamishwa mbele ya hakimu. Na kwa jinsi alivyoanza kujitetea, alikuwa akijichimbia shimo.

"Afande, huyo mama ameniumiza kichwa kuliko wateja wangu wote," alisema Gedion Nthiga. "Kuna mzee wa Mikinduri hunisimamia na miraa yake, anataka nimalize kabla hajamaliza kutafuna. Kuna wa kule kwetu Embu, watoto wake walificha biskuti ndani ya piano, panya wakaja, nikalaumiwa mimi. Hao wote nawavumilia. Lakini Mama Regina! Mama Regina anasikiliza hata vile napumua."

"Ndiyo maana ukamwibia?"

"Sikuiba."

"Majirani walikusikia Jumamosi ukimwambia atajuta."

"Nilimwambia atajuta akiendelea kuweka maua na maji juu ya piano. Sasa hiyo ni kuiba?"

Konstebo Runji, aliyemkamata, aliguna pale mlangoni. Kwake kesi ilikuwa imekwisha jana. Nkirote hakumlaumu, maana ukiitazama upesi ilikuwa kesi nyepesi. Marehemu Mwalimu Mwongera alikuwa ametunga nyimbo arobaini na moja za Kimeru katika maisha yake, akaziandika zote kwa mkono, kwa nota za do-re-mi, katika daftari moja lenye jalada la buluu. Nakala hakuna. Daftari hilo alilificha ndani ya piano yake, nyuma ya ubao wa chini ulio kwenye pedali, kwa imani kwamba mgeni anaweza kufungua kabati lakini hawezi kufungua piano. Jana mchana mjane wake, Mama Regina, aliinama kulitoa kwa ajili ya ibada ya kumbukumbu, akakuta hewa. Mtu aliyejulikana kufungua piano ile ni mmoja tu. Saa kumi na moja jioni fundi akatiwa pingu stejini Nchiru, pale matatu zinaposimama, mbele ya wanafunzi, wauza chapati na nusu nzima ya kwaya.

"Na simu yake ina picha ya hicho kitabu," Runji alisema. "Si nimekuonyesha, afande?"

Nkirote aliitazama tena. Ubao wa chini umeondolewa, pedali tatu za shaba zinang'aa, daftari la buluu limelala sakafuni mwa piano. Kando yake balbu ndogo inawaka. Picha ilikuwa ya Jumanne, wiki tatu zilizopita.

"Kila piano naipiga picha kabla na baada," Gedion alisema. "Hao wateja wagumu ndio wamenifunza. Mtu atakuambia umekwaruza ubao, umekunja pedali. Badala ya kubishana unamtolea picha."

"Na hii taa?"

"Nilimwekea mimi siku hiyo. Huku kwenu ni baridi na ukungu, mbao zinakunywa maji. Ukiweka balbu ndogo ndani iwake usiku na mchana, piano inakaa kavu. Waya wake uko na swichi ndogo, nimeifunga nyuma ya nguzo ya pedali, kule gizani, ndio mtu asiiguse. Mama mwenyewe sikumwonyesha. Nilimwambia tu asizime ile ya ukutani."

Simu ya Gedion ikatetemeka mkononi mwa Nkirote. Ujumbe mfupi: *Fundi usije Jumamosi, tumepata mwingine.* Ulikuwa wa tatu tangu asubuhi. Gedion aliusoma kutoka upande wa pili wa meza, uso wake ukanywea.

"Afande, kazi yangu ni kuachwa peke yangu kwa sebule za watu," alisema polepole. "Hakimu hata akiniachilia mwaka ujao, nani atanifungulia mlango?"

Nkirote akaendelea kupekua simu. Jumbe za sauti za Mama Regina zilikuwa tisa. Alicheza moja, kisha nyingine. Bibi huyo alikuwa na utaratibu wake: kabla ya kulalamika hupiga nota ya La ya katikati kwenye piano mara tatu, kama mwalimu anayeita darasa, ndipo anafungua mdomo. *Fundi, unasikia? Unasikia hiyo aibu?*

"Cheza tena hiyo ya kwanza," Gedion alisema ghafla. Alikuwa ameinua kichwa. "Sasa hiyo ya mwisho. Ngoja. Afande, hii piano inapanda!"

"Kupanda ndio nini?"

"Fundi akifanya kazi mbovu, nyuzi zinalegea, sauti inashuka. Ni kushuka tu. Kupanda haiwezi, isipokuwa unyevu umeingia, mbao zimevimba, zinavuta nyuzi. Jumamosi niliona hivyo. Nikamuuliza, Mama, taa inawaka? Akanionyesha ukutani, swichi iko sawa. Nikataka kufungua chini nijionee, akaniambia, 'Kazi yako iko juu, huko chini ni mambo yangu.' Nikanyamaza. Huyo ukibishana naye mnalala hapo."

"Si alikuacha peke yako nusu saa? Ameandikisha hivyo."

"Aliitwa na mtu wa maziwa. Niliendelea na kazi yangu juu."

"Hilo unalisema wewe. Unaweza kupima huko kupanda? Nataka namba, usiniambie habari ya masikio."

Gedion alionyesha programu iliyokuwa kwenye simu yake, ile anayolinganishia nyuzi. Nkirote akaifungua, akazituma zile jumbe kwenye simu ya Runji izicheze kando, na wote watatu wakainamia kioo, vichwa vikikaribia kugongana. Jumatano, siku nane baada ya taa kuwekwa, mama akilalamikia pedali inayolia: La ilisoma hezi mia nne na arobaini, pale pale fundi alipoiacha. Kisha kimya cha siku nne. Jumapili jioni: mia nne arobaini na moja. Jumanne: arobaini na mbili. Alhamisi: karibu arobaini na nne.

"Lo!" alisema Runji, bila kujua kwa nini.

Nkirote alijua kwa nini, akafurahi. Furaha ya namna ile humjia askari mara mbili kwa mwaka, akiwa na bahati.

"Katika hizo siku nne mama alikuwa wapi?"

"Embu, kwa binti yake. Ijumaa mpaka Jumapili," Gedion alisema. "Mimi pia nilikuwa Embu wikendi hiyo yote, nilikuwa natuni piano ya harusi. Angalia picha."

Picha zilikuwepo, kabla na baada, na bibi harusi mmoja aliyejiingiza kando. Ijumaa jioni, Jumamosi asubuhi, Jumamosi saa kumi.

"Mvua imekuwa ikinyesha tangu mwanzo wa mwezi na piano haikusogea hata chembe," Nkirote alisema akisimama. "Halafu mama anaondoka, anarudi, piano imeanza kupanda. Taa ilizimwa akiwa safarini. Swichi ya ukutani haikuguswa, kwa hiyo kuizima lazima ufungue ubao wa chini. Na aliyefungua ubao wa chini alikutana uso kwa uso na daftari la buluu."

"Afande, lakini mwizi atazima taa ya nini?" Runji aliuliza. "Mwizi anachukua kitu anaenda."

"Runji, wewe ukiingia mahali ukute taa inawaka mchana bure, unafanya nini?"

"Nazima."

"Kwa nini?"

"Si tokeni za stima zitaisha. Mamangu angeniua."

"Basi hata mwizi ana mama. Lete gari."

Nyumba ya Mama Regina ilikuwa nyuma ya hosteli za wanafunzi, imezungukwa na ua uliokatwa kwa mstari kama umepimwa kwa rula. Mwenyewe alisimama mlangoni, mrefu, miaka sabini na kitu, sweta limefungwa vifungo vyote.

"Umeleta kitabu?"

"Bado, Mama. Muga," Nkirote alimsalimu kwa Kimeru.

"Muga. Kwa hivyo umeniletea matope tu. Vua viatu."

Nkirote alivua. Sebuleni kila kiti kilikuwa na kitambaa cha kufuma, na piano nyeusi ya Mwalimu ilikuwa na vitatu. Kiunga, mpwa wa marehemu na katibu wa kwaya, alikuwa tayari amekaa kando ya piano, amevaa tai. Alikuwa na duka la fotokopi karibu na lango la chuo, na tangu jana ndiye aliyekuwa akimshika shangazi yake mkono na kuwapigia polisi simu kila baada ya saa moja. Winrose, msichana wa kazi, alileta chai, vikombe vikigongana kwenye sinia.

"Sajenti, tunashukuru," Kiunga alisema. "Lakini huyo fundi akibanwa vizuri si atasema ameficha wapi? Mimi niko tayari kuja kortini hata sasa."

"Utakuja. Mama, ulipoenda Embu ufunguo uliacha na nani?"

"Winrose alikuwa na wake. Kiunga nilimwachia wa akiba, awe anaangalia."

Nkirote alimgeukia Winrose, na msichana akaanza kulia hata kabla ya kuulizwa. Runji akatoa pingu nusu. Ikatoka yote kwa kwikwi: alikuwa amepangusa piano, akaangusha chombo cha maua, maji yakaingia ndani, akanyamaza kwa kuogopa.

Nkirote aligeuka kuitazama piano. Maji! Kama piano ilivimba kwa maji ya maua, basi habari yote ya taa ilikuwa hadithi aliyojitungia mwenyewe, na saa ya ukutani ilikuwa saa tano na dakika kumi.

"Siku gani, Winrose? Fikiria vizuri."

"Alhamisi, madam. Ile ya wiki iliyopita. Mama alikuwa kwa mkutano wa akina mama."

"Una hakika si kabla Mama hajarudi kutoka Embu?"

"Hiyo wikendi sikuwa hapa. Nilienda Mitunguu Ijumaa asubuhi, tulikuwa tunakata ndizi za baba. Nilirudi Jumatatu. Piga simu uulize."

Nkirote alipiga hapo hapo. Mamake Winrose alithibitisha kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni, akataja hata lori lililobeba ndizi. Alhamisi ilikuwa siku nne baada ya piano kuanza kupanda. Maji ya maua yalikuwa yamechelewa.

"Wewe msichana," Mama Regina alisema, "tutaongea."

"Mama, tafadhali fungua huko chini," Nkirote aliomba.

Mama Regina hakupenda, lakini alipiga goti, akasukuma chuma kilichoshika ubao, ubao ukaachia. Ndani mlikuwa na giza. Swichi ya ukutani ilikuwa imewashwa, taa yake nyekundu inaonekana wazi, lakini balbu imelala kimya.

"Imeungua," mama alisema. "Sikushangaa. Kitu cha yule fundi."

Nkirote alichuchumaa, akaingiza mkono nyuma ya nguzo ya pedali. Alipapasa, akakuta vumbi, akakuta waya, akaupoteza, akajikwaruza kidole, akaupata tena. Ilimchukua karibu dakika nzima, na alikuwa ameambiwa mahali penyewe. Kidude kikalia tik. Balbu ikawaka.

Mama Regina alitoa macho. "Kumbe iko na swichi yake?"

"Kumbe," Nkirote alisema. Aliinuka, akafuta vumbi, akatoa simu. "Nitapiga picha za ripoti, halafu tumalize na huyo fundi wenu. Winrose, sogea hapa kidogo. Hii taa inanipiga machoni, hebu nizimie."

Winrose alikwenda moja kwa moja ukutani, akabonyeza. Giza.

"Asante. Washa tena. Bado pembe hii si nzuri." Alirudi nyuma hatua mbili, akasimama kati ya Kiunga na ukuta, kana kwamba kwa bahati tu. "Bwana Kiunga, wewe uko karibu. Nizimie mara ya mwisho."

Kiunga alikuwa akisoma ujumbe kwenye simu yake. Aliinama kutoka kitini, macho yakiwa bado kwenye kioo, akapeleka mkono wa kushoto nyuma ya nguzo ya pedali, na balbu ikazima.

Haikuchukua hata sekunde mbili.

Kiunga aliinua macho, akamkuta Nkirote, akamkuta Runji, kisha akautazama mkono wake mwenyewe.

"Mimi nilipapasa dakika nzima," Nkirote alisema, "na fundi mwenyewe ndiye alinielekeza. Shangazi yako ndiye mwenye nyumba na hakujua hiyo swichi iko. Wewe umeipata bila kuangalia."

"Niliona... nimeona wewe ukiwasha sasa hivi."

"Uliona mgongo wangu. Bwana Kiunga, daftari liko wapi?"

"Sijui unasema nini. Nitampigia wakili."

"Mpigie. Na Runji, piga wewe dukani kwake, uliza anayeuza huko kama..."

"Liko dukani," Kiunga alisema haraka. "Liko kwa droo ya mashine, liko salama! Sikuliharibu. Nilikuwa nazipiga chapa tu. Shangazi, hizo nyimbo zinaozea ndani ya mbao, hakuna mtu anaziimba! Ijumaa nina nafasi studio, Embu. Ningelirudisha."

"Studio," Mama Regina alisema. Alikuwa bado amepiga goti mbele ya piano. "Zikitoka, zitatoka kwa jina la nani?"

Kiunga alilegeza tai yake. Nje mvua ilikuwa imepungua na mtu alikuwa akipita na mkokoteni.

"Nimekuuliza, Kiunga. Jina la nani?"

"La... langu. Mjomba amekufa, Shangazi. Jina lake halitaenda popote."

Mama Regina aliinuka peke yake, akakataa mkono wa Winrose. Nkirote alidhani angempiga, na kusema kweli asingemzuia upesi. Lakini bibi alikwenda dirishani, akasimama hapo akitazama ua wake.

"Ulinishika mkono nikilia," alisema. "Jana, wakati huyo mtu anafungwa pingu, ulinishika mkono."

Saa sita na nusu Runji alikuwa amerudi kutoka dukani na daftari la buluu ndani ya mfuko wa plastiki, Kiunga kando yake, na pingu sasa zimehamia mikononi mwake. Nkirote aliwapigia watu wa mashtaka akiwa njiani, akizungumza kwa haraka hivi kwamba walimwomba arudie mara mbili. Jalada la Gedion Nthiga likaondolewa katika orodha ya saa nane. Angetamani kupiga kelele za furaha, ila alikuwa na sare, na kulikuwa na mama mzee kwenye kiti cha nyuma.

Mama Regina alikuwa amekataa kubaki nyumbani. Kituoni alisaini taarifa yake mpya, akaisoma yote kwanza, akasahihisha neno moja. Ndipo Gedion akatolewa, viatu havina kamba, shati limekunjamana. Walitazamana.

"Masikio yangu hayakukosea," mama alisema. "Piano ilikuwa imeharibika."

"Ndiyo, Mama."

"Lakini nililaumu mtu asiyehusika. Wewe nilikukosea. Nimekuja kusema."

"Imepita, Mama," Gedion alisema, lakini hakumtazama. Alikuwa akiangalia simu yake waliyomrudishia. Jumbe za kumkataa zilikuwa zimefika tano, na wa mwisho ulitoka kanisa moja ambalo alikuwa amelihudumia miaka minane. Nkirote alimwona akizima kioo bila kujibu.

Mama Regina naye aliona. Juu ya meza ya ripoti kulikuwa na mkoba wa ngozi wa fundi, umejaa vyuma vyake vya kukazia nyuzi. Aliushika kwa mikono miwili, ukamvuta bega moja chini.

"Mama, huo ni mzito. Nipe."

"Nyamaza. Walikufungia pingu wapi?"

"Stejini."

"Na baada ya hapo walikupitisha wapi?"

"Sokoni. Kanisani. Mpaka hapa."

"Basi tutarudi njia hiyo hiyo, kwa miguu, nikiwa na mkoba wako. Kanisani kwaya wako mazoezini sasa hivi, tutaingia. Wakiniuliza, nitajibu. Wasiponiuliza, nitawaambia. Funga viatu."

Gedion alichukua kamba zake mezani, akainama kuzitia kwenye viatu na kuzifunga. Nkirote aliwafuata mpaka kwenye ngazi. Jua lilikuwa limetoka na barabara ilikuwa imejaa watu wa chakula cha mchana. Mama Regina alitangulia katikati ya njia, si pembeni, mkoba ukimgonga goti kila hatua, na mwanamke wa kwanza wa chapati alipoacha kusukuma unga ili kutazama, bibi akasimama mbele yake na kuanza kusema.